Uzi Mwekundu Mgongoni mwa Mgombea

Kabla nguo haijaonja maji, mwenyewe huitwa aione. Hiyo ndiyo kanuni aliyorithi Povu kutoka kwa shangazi yake, pamoja na makarai mawili, pasi ya mkaa, na kandili yenye kioo kilichopasuka ambayo haikuwashwa tena lakini haikutupwa. Shangazi alikuwa dobi wa miaka mingi na mwanamke asiyependa kesi. Alikuwa akisema kwamba doa ni kama mtoto wa nje ya ndoa: likitajwa mapema, halivunji nyumba. Kwa hiyo mteja aliyeleta shati alisimamishwa mlangoni, shati likatandazwa mbele yake, na kila doa likanyoshewa kidole na kuitwa kwa jina: hili wino, hili mafuta ya baiskeli, hili unalijua mwenyewe.

Doa likifuliwa likakataa kutoka, dobi hakulificha. Alishona pembeni yake fundo dogo la uzi mwekundu, kumwambia mwenye nguo: nimeliona, nimepigana nalo, limenishinda. Uzi ule haukatwi na dobi. Huchomolewa na mwenye nguo kwa mkono wake, baada ya kutazama. Katika mitaa ile kanuni hiyo ilijulikana hata na watoto, kiasi kwamba mtu akishindikana tabia, majirani walisema huyo kafungwa uzi mwekundu, na hakuna aliyeuliza maana.

Jina la Povu alipewa na wateja. Hakuna aliyewahi kueleza kama ni kwa sababu ya sabuni au kwa sababu ya mdomo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na cheti chake kilitundikwa juu ya meza ya kupigia pasi, ambapo mvuke wa miaka ishirini ulikuwa umefuta alama ya hesabu na kuiacha ya lugha, jambo ambalo hakulilalamikia. Mengine yote aliyalalamikia. Alilalamikia mashimo ya barabarani, barua za baraza la mji zilizoandikwa ili zisieleweke, foleni ya zahanati, na mtu yeyote aliyesema “haina shida” mahali penye shida. Mkewe, aliyepiga pasi na kushona nyuzi, alisema kidogo sana. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa na kauli yake kuhusu ndoa ile: “Dada kaolewa na redio.”

Kazi yao ilifanyika uwanjani, nyuma ya soko: mabeseni sita ya saruji, nguzo nane za chuma zilizoshika nyaya za kuanikia, na madobi kumi na wawili waliochota maji kwenye pampu ya ng'ambo ya barabara na kuyabeba kwa ndoo. Bomba la uwanjani waliahidiwa na diwani katika uchaguzi uliopita. Alichokamilisha ni kupaka nguzo moja, ya nne, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, iliyotajwa kuwa awamu ya kwanza ya maboresho. Siku hiyo alikata utepe uliofungwa kwenye nguzo hiyohiyo, akapigiwa makofi, akaondoka. Awamu ya pili haikuonekana. Rangi ikaanza kututumka na kubanduka, ikachanganyika na kutu iliyokuwa imeambiwa iondoke, na nguzo ya nne ikawa nguzo ambayo hakuna dobi aliyethubutu kuanika shuka karibu nayo.

Uchaguzi uliofuata ulipokaribia, mambo mawili yalitokea katika wiki moja. La kwanza, madobi walifika uwanjani asubuhi wakakuta vigingi arobaini vimepigwa ardhini, kila kimoja na namba yake. Habari zikaenea kwamba uwanja utakuwa maegesho ya magari. Diwani, ambaye wapambe wake walikuwa wakimwita Mheshimiwa hata anapopiga chafya, alituma ujumbe kwamba vigingi hivyo vimepigwa na watu wasiojulikana na kwamba yeye amesikitika kama wengine. La pili, kuta zote za mtaa, pamoja na ukuta wa uwanja, zilibandikwa mabango yenye picha yake akiwa na suti nyeupe, na chini ya picha neno moja kubwa la Kiingereza: CANDIDATE.

Vigingi vilimnyima Povu usingizi, maana bila uwanja hakukuwa na dobi, na bila dobi hakukuwa na nyumba yake. Lakini bango ndilo lililomtoa povu. Mtaa mzima unasalimiana, unagombana na kuoana kwa Kiswahili. Ni nani aliyeandikiwa lile neno? Tena lina maana gani? Alimuuliza shemeji yake, aliyekuwa amejipatia kazi ya upambe kwa Mheshimiwa kwa matumaini ya cheo baadaye. Shemeji akajibu kwamba maana yake ni mtu mkubwa. Alikwenda hadi ofisi ya baraza, akamuuliza katibu muhtasi. Katibu muhtasi alimtazama kwa huruma.

“Candidate ni candidate, baba,” akasema. “Wewe ulikuwa unataka iwe nini?”

Povu akaenda maktaba. Maktaba ya mji ilitunzwa na mama mmoja mkutubi, aliyevaa miwani iliyoning'inia kwa kamba ya kiatu, na ambaye kwa muda mrefu alikuwa amezoea kwamba watu huingia pale kukwepa mvua. Aliposikia swali alilipokea kama mtu aliyeletewa mgeni. Akafungua kabati la vitabu vinene, akapangusa kamusi kubwa ya Kiingereza kwa upindo wa gauni lake, akamwekea Povu kiti upande wake wa meza.

Safari yao ilichukua mchana mzima. Maana yake ilikuwa mgombea tu, lakini neno lile, kamusi ilisema, Waingereza hawakulizaa. Walilitwaa kwa Walatini, na kwa Walatini lilikuwa *candidatus*, yaani mtu aliyevikwa nyeupe. Povu akasogeza kiti. Mkutubi akaleta kitabu kingine, cha historia, na humo wakakuta kwamba huko Roma ya kale mtu aliyetaka cheo alipita sokoni akiwashika watu mikono huku amevaa joho lililong'arishwa kwa kupakwa chaki, ili aonekane kutoka mbali.

“Lilipakwa chaki, au lilifuliwa?” Povu akauliza.

“Lilifuliwa kwanza, kisha likapakwa.” Mkutubi akashusha miwani. “Wafuaji wa huko, imeandikwa hapa, walitumia mkojo. Waliweka mitungi barabarani, wapita njia wakichangia.”

Povu alilipokea hilo kwa uchungu wa mwenzao wa kazi. Alisema kwamba kumbe hata zamani zile mwanasiasa alipendeza kwa kazi ya dobi, na jasho la dobi halikuandikwa kwenye bango. Kilichomsisimua zaidi ni mstari mmoja chini ya ukurasa: kwamba wakati fulani, kwa mujibu wa mwanahistoria wao, ilipitishwa sheria ya kumkataza mwomba cheo kuongeza weupe kwenye vazi lake. Akaomba kalamu, akaunakili mstari huo nyuma ya risiti ya sabuni.

Hawakuishia hapo. Nyuma ya *candidatus* kulikuwa na *candidus*, nyeupe inayong'aa, na nyuma yake *candere*, kung'aa kama kitu kilichowashwa. Nyuma ya hilo wataalamu walikuwa wameweka nyota ndogo, kuonyesha kwamba hapo hakuna maandishi tena, ni kukisia kwa kulinganisha ndugu na ndugu: shina la zamani sana lenye maana ya kuwaka, ambalo mtoto wake mmoja alikwenda Kisanskriti akawa mwezi. Mwingine alibaki kwa Walatini akawa mshumaa, akapita kwa Wagiriki, akapita kwa Waarabu, akavaa mavazi ya kila aliyemkaribisha, mpaka akaingia kwenye Kiswahili.

“Akaitwaje?” Povu akauliza.

“Kandili,” akasema mkutubi.

Povu alirudi nyumbani akakaa mbele ya kandili ya shangazi yake kama mtu aliyegundua kwamba mpangaji wa chumba cha uani ni binamu yake. Ndugu wawili wa tumbo moja, akamweleza mkewe: mmoja alikuja kimyakimya akatumulikia nyumba vizazi na vizazi, mwingine kaja kwa bango, hatumjui baba wala mama, na tunaambiwa tumshangilie. Mkewe akasema sawa, lakini asogee kidogo, amekalia shati la mwalimu.

Kwa siku nne zilizofuata hakukuwa na dobi uwanjani asiyejua habari za chaki ya Roma. Povu aliieleza wakati wa kusugua, wakati wa kukamua, na wakati wa kuanika. Dobi anayetia chaki juu ya doa, alitangaza, si dobi, ni mshirika wa uongo. Buluu ya kufulia inaruhusiwa, kwa kuwa buluu hulisaidia jicho kuona weupe uliopo. Chaki hulidanganya kuona usiokuwepo. Wenzake walikubali wote, kwa sehemu kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sehemu ili anyamaze.

Ijumaa asubuhi shemeji alifika na suti nyeupe mkononi, ameibeba kama mtoto mchanga.

“Shemeji, kesho ndiyo mkutano wa kufunga kampeni, hapahapa uwanjani. Mheshimiwa anataka ing'ae mpaka watu wafumbe macho.”

“Wakifumba macho watapigaje kura?”

“Si ndivyo wanavyopiga siku zote?”

Walicheka wote wawili, maana utani wa mashemeji hauna mahakama. Kisha Povu akalitandaza koti mlangoni, kama alivyotandaza mamia mengine, na kicheko kikamkauka. Mgongoni, kutoka begani hadi kiunoni, kulikuwa na mstari wa rangi ya tofali, upana wa vidole vitatu, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Hakuhitaji kunusa. Alikuwa amepigana na kutu za kila aina, za misumari, za mageti, za vitanda vya hospitali, na hakuna hata moja iliyokuwa na wekundu ule wa rangi ya kuzuia kutu isiyozuia. Kulikuwa na nguzo moja tu ya hivyo katika mji mzima. Mtu aliyevaa koti lile alikuwa ameegemea nguzo ya nne, kwa raha zake, kwa muda wa kutosha. Muda, kwa mfano, wa kusubiri watu wapige vigingi arobaini.

“Mwite mwenyewe aone doa,” Povu akasema.

“Mheshimiwa aje hapa kuangalia koti?”

“Koti ni la nani?”

Shemeji akafunga mlango. Akaongea kwa sauti ya chini, na safari hii hakukuwa na utani. Mheshimiwa ametuma neno: koti likitoka safi, vigingi vinang'olewa Jumatatu. Likitoka na doa, yeye hahusiki na vigingi, kwa kuwa vilipigwa na watu wasiojulikana. Na cheo chake yeye shemeji, akaongeza akitazama chini, nacho kimo mfukoni mwa koti hilohilo.

Povu alifua. Alikamua malimao kumi na mawili, akapaka chumvi, akaanika juani, akarudia, akarudia tena. Kutu ilikubali, kwa kuwa kutu ni adui muungwana. Rangi ilikataa. Kufikia saa tisa alasiri mstari ulikuwa umefifia ukawa waridi, lakini ulikuwepo, umenyooka vilevile. Madobi kumi na mmoja walikuwa wanamtazama, kila mmoja akiwa na watoto wake kichwani. Povu naye alitazama mabeseni, nyaya, na nguo za watu zikipepea. Akaenda kwa fundi cherehani wa jirani, akaomba vipande vitatu vya chaki.

Aliisaga kwa chupa, akaipaka kwa sifongo, tabaka juu ya tabaka, kwa ustadi ambao Roma ingemlipia nauli. Mstari ukatoweka. Risiti ya sabuni yenye sheria ya kale ilikuwa bado mfukoni mwake, na aliisikia ikichakacha kila alipoinama. Akampelekea mkewe koti kwenye meza ya pasi. Mkewe akamuuliza kama limetoka. Povu, ambaye hakuwahi kukosa maneno, alisema “limetoka” tu, kisha akasema anakwenda kuanua shuka kabla ya umande, ingawa jua lilikuwa bado juu ya bati.

Jumamosi alasiri uwanja ulijaa. Mheshimiwa alipanda jukwaani, na kweli aling'aa; mstari wa mbele ulikunja nyuso. Alisema anawapenda watu wadogo. Alisema uvumi wa maegesho ni sumu ya wapinzani. “Ndugu zangu,” akasema, “mimi majukumu yamenibana. Tangu nilipokata utepe pale, mguu wangu haujakanyaga uwanja huu mpaka leo. Sasa vigingi ningepiga saa ngapi?” Na ili kuwaonyesha ni uwanja gani asioukanyaga, aligeuka, akanyosha mkono kuelekea kwenye mabeseni, akawapa mgongo.

Makofi yalianza, kisha yakafa yenyewe kutoka mbele kwenda nyuma. Chini kidogo ya bega la kushoto, juu ya weupe ule, palikuwa na fundo la uzi mwekundu.

Povu, aliyekuwa amesimama kando ya beseni la tatu, alihisi kama mtu aliyekanyaga sabuni. Hakuwa amelishona yeye. Akamtafuta mkewe kwa macho. Alikuwa mlangoni pa chumba chao cha pasi, kinachotazama uwanja, mikono imefungwa kifuani, anamtazama yeye wala si jukwaa, kwa ule utulivu wake wa kusubiri pasi ipate moto.

Aliyeongea kwanza ni mkunga mstaafu, bibi ambaye nusu ya waliokuwepo walipokelewa duniani na mikono yake, Mheshimiwa mwenyewe akiwa mmoja wao.

“Mwanangu,” akasema, “una uzi mgongoni.”

“Ni urembo tu, mama.”

“Mtaa huu unajua uzi huo. Hujaitwa ukaona doa lako?”

Shemeji, kwa nia njema, akaruka jukwaani kuutoa. Alipogusa tu, chaki ikapanda kama vumbi la ukumbi uliofagiwa, Mheshimiwa akakohoa, na mstari wa waridi ukaanza kujitokeza kutoka begani kwenda chini. Watu wa nyuma wakasimama juu ya mabeseni ili waone.

“Dobi aliyefua koti hili yuko wapi?” bibi mkunga akauliza.

Madobi wote wakamgeukia Povu. Hapo ndipo mtu aliyehutubia uwanja ule kwa miaka ishirini bila kuombwa alipoombwa kwa mara ya kwanza. Alijua gharama. Akisema, Jumatatu vigingi vitabaki. Akinyamaza, ataendelea kuishi na mwanamke aliyemuuliza kama limetoka.

“Doa lilikataa,” akasema. “Nikalifunika kwa chaki. Nikamdanganya mke wangu kwamba limetoka. Hilo ni kosa langu, si lake wala si la koti.”

“Doa la nini?”

“La nguzo ya nne, bibi. Kutu na rangi yake. Ni jipya, la wiki hii.”

Hakuna aliyepiga kelele. Watu waligeuza shingo tu, polepole, wakatazama nguzo ya nne, kisha wakatazama mgongo, kisha wakatazama vigingi. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kuzomewa, na Mheshimiwa, ambaye alikuwa na kipaji chake, aliusikia vizuri. Akakohoa chaki ya mwisho, akatabasamu.

“Ndugu zangu, nilitaka iwe zawadi ya kuwashtukiza. Nakiri. Nilikuja alfajiri kupima njia ya bomba lenu la maji.”

“Kumbe vigingi ni vya bomba,” akasema bibi mkunga.

“Ni vya bomba.”

“Arobaini?”

“Ni bomba kubwa, mama.”

“Basi Jumatatu utachimba. Nitakuja na kiti changu.”

Jumatatu alikuja na kiti chake. Wachimbaji nao walikuja, kwa kuwa kura zilikuwa zinapigwa Jumatano na kauli ilikuwa imesikiwa na watu mia sita. Mtaro ulichimbwa katikati ya uwanja, bomba likalazwa, na katika ramani ya baraza la mji mstari mwekundu wa maji ukapita mahali palipokuwa pameandikwa maegesho. Mheshimiwa alishinda kwa kura chache. Watu walisema heri mwongo ambaye uongo wake tayari una koki. Maji yalitoka kwa nguvu hadi siku ya kiapo, baada ya hapo yakatoka mara tatu kwa wiki, kwa aibu. Lakini bomba likishalazwa ni kazi kulifukua, na mpaka leo hakuna gari lililoegeshwa pale. Shemeji hakupata cheo. Siku hizi anabeba mafurushi ya wateja, na ameonekana kuwa hodari zaidi kwa mafurushi kuliko kwa Waheshimiwa.

Jioni ya Jumamosi ile Povu alimuuliza mkewe swali moja tu. Alijuaje?

“Pasi ilipogusa, ilinuka darasa,” mkewe akasema, akinyosha kola. “Siku nne umetuambia habari za chaki. Ulidhani nani alikuwa anasikiliza?”

Koti lilirudishwa kwa Povu wiki iliyofuata ili lifuliwe upya. Baadaye ofisi ya Mheshimiwa iliandika barua mbili kulidai, zote kwa Kiingereza, na Povu alizijibu zote kwa Kiswahili chenye aya zilizonyooka: koti lipo, liko salama, uzi haujakatwa, mwenyewe aje aone doa. Linaning'inia chini ya cheti, karibu na kandili. Kila pasi inapopata moto, mvuke hulifikia, na chaki kidogo hudondoka sakafuni, ambapo mkewe huifagia.